Fungua Kwanza Picha ya Zamani

Mtu akikuletea diski ya nje akakuambia, "Fundi, nitazamie kama ni nzima," usiitazame taa. Taa ni ya kuuzia. Ichomeke waya, iache ikae kidogo, kisha ilaze juu ya kiganja na uupinde mkono polepole kama mtu anayemimina chai. Diski za miaka yetu zilikuwa na sahani ndani inayozunguka kwa kasi, na kitu kinachozunguka hakipendi kupinduliwa. Utasikia kinakubishia mkononi. Kama hakibishi, iweke chini na umuulize mwenyewe swali moja tu: vile vya asili ulivyonakili humu bado unavyo?

Nawaandikia nyie mnaokaa sasa kwenye zile meza za baraza pale Kariakoo, mnaofungua simu kwa kijiti na kuzifunga kwa gundi. Mimi nimeshaacha. Vidole vinatetemeka, na skrubu za siku hizi ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Lakini nimeishika kazi ile muda mrefu kuliko nilivyoshika kitu chochote duniani, nikiwemo mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita. Wengine waliachishwa na shida. Mimi niliachishwa na matako, hayakuweza kukaa. Nimebeba magunia, nimepaka grisi kwenye karakana za Gerezani, nimeuza mashati ya mitumba pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja, nimekwenda Tunduma kufuata biashara ya mtu na kurudi bila biashara na bila mtu. Kila nilikopita, kitu chochote chenye skrubu nilitaka kujua kina nini ndani. Nimepigwa kwa ajili hiyo. Saa ya ukutani ya mwenye nyumba wangu mmoja niliifungua kwa upendo kabisa, na ikabaki imefunguka mpaka nilipohamishwa.

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Nyie mmezaliwa vitu vimejaa, hamwezi kujua. Sisi tulitoka kwenye duka lenye rafu tupu na muuzaji anayesinzia, ghafla Kariakoo ikafurika: redio, feni, pasi, televisheni, na baadaye kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi ya ng'ambo, zimekuja kwenye makontena zikiwa na vumbi la watu wa huko. Hakuna aliyezijua. Mimi nilikuwa na bisibisi na sikuwa na aibu. Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Aliyenifundisha kusikiliza alikuwa fundi wa redio upande wa Gerezani, Fundi Sefu, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma. Yeye alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya mashine na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akifumba macho kama anayenong'onezwa. "Kabla hujashika kitu, sikiliza," aliniambia. Nilipompelekea diski ya kwanza akaiweka sikioni, akanitazama. "We mtoto, hapa ndani kuna mtu anabisha hodi na hakuna anayemfungulia." Alikuwa amepatia. Ule mlio wa tak, tak, tak ni kichwa cha kusomea kinachotafuta mahali pa kuanzia na hakipaoni. Diski ikianza kubisha hodi, usiichunguze tena. Toa unachoweza kutoa, uanze na kile ambacho mwenyewe analia kwa ajili yake.

Tulikosea sana pia. Palikuwa na uvumi kwamba diski iliyokwama ukiigandisha inaamka. Nikaiweka ya mteja kwenye friza la mama ntilie jirani yangu, nimeifunga mfuko mmoja badala ya mitatu. Iliamka kweli, kwa muda wa kutosha kunipa nusu ya hesabu za kanisa fulani, halafu ikafa ikinuka vibua. Mhasibu wa kanisa alikuwa akinusa hewa na kuniuliza kama nimekula.

Lakini nilitaka kuwaeleza kuhusu taa.

Kariakoo ina ada yake, nyie mnaijua. Kila duka la vitu vya umeme lina ubao juu ya kaunta, una soketi na kishikio cha balbu. Ukinunua pasi inachomekwa hapo, unaigusa, moto. Ukinunua redio inachomekwa, inaimba. Muuzaji anakuambia, "Umeona mwenyewe?" Unasema nimeona. Tangu hapo wewe na yeye mmemalizana, na kwenye risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ada nzuri. Imewaokoa wengi na pasi mbovu. Ubaya wake ni kwamba diski za nje zilipokuja, tukazipeleka kwenye ubao uleule. Ilichomekwa kwenye kompyuta ya dukani, taa ya buluu ikawaka, wimbo mmoja ukawekwa ndani na ukapigwa. "Umeona mwenyewe?" Nimeona.

Meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la Mangi Eliakimu. Jina Mangi mnalijua, ndivyo mji huu unavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Huyu alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye kelele, mkweli. Aliuza vitenge kwanza, kisha vifaa vya kompyuta kwa sababu kila mtu aliuza vifaa vya kompyuta. Zile diski za nje alizinunua kwa jumla kutoka kwa mtu aliyezitoa kwenye kontena. Nyeusi, nzito mkononi, maandishi ya dhahabu. Ziliondoka kama maandazi ya asubuhi.

Mmoja wa walionunua alikuwa Hansa, binti wa Mzee Jayanti mpiga picha. Studio yao ilikuwa mtaa wa nyuma, ukielekea Mnazi Mmoja. Nyumba yenyewe waliishi Upanga, vyumba viwili kwenye fleti ya juu. Mzee Jayanti aliwapiga picha watu wa Kariakoo tangu akiwa kijana mwenye nywele. Picha za kitambulisho, za leseni, za kazi. Na hakutupa negativu hata moja, zile filamu ambamo mtu mweusi anaonekana mweupe kama jini. Kila mteja alipewa risiti yenye namba na muhuri: negativu yako inatunzwa.

Msione ni jambo dogo. Watu wengi wa mitaa ile walipigwa picha mara moja tu maishani, siku ya kuomba kazi. Alipokufa mtu, ndugu walikuja kwa Mzee Jayanti na risiti au na jina na mwaka wa kukisia, naye akaitafuta ile negativu, akaikuza. Ndiyo picha iliyowekwa juu ya jeneza, ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Ukipita nyumba za Gerezani na kuona mababu wote wameegemea pazia moja lenye mikunjo, pazia hilo ni la Mzee Jayanti.

Sasa mwenye jengo akaliuza. Kila upande maghorofa yalikuwa yanapanda na nyumba za chini zinaanguka, na zamu yao ikafika. Maboksi ya negativu yalijaa chumba kizima na yalinuka kama siki. Fleti ya Upanga haikuwa na nafasi. Hansa akanunua mashine ya kuskani na ile diski kwa Mangi, akaanza kuingiza picha kila alipotoka kazini kwake. Alianza na za zamani kabisa, kwa heshima, akashuka mwaka kwa mwaka. Kompyuta ya studio ilikuwa na nafasi ndogo, hivyo kila jioni alihamishia kazi ya siku kwenye diski, akafungua picha mbili tatu alizozihamisha siku hiyo, akaona ziko sawa, akafuta za kwenye kompyuta. Hakuwa mzembe. Nataka mlielewe hilo. Alikagua kila siku.

Asubuhi moja akaja dukani kwa Mangi uso umechangamka.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba, dada Hansa! Leo meno yote nje, kuna harusi?"

"Nimemaliza. Jana nimeingiza ya mwisho. Nataka diski nyingine kama ileile, nimtengenezee kaka nakala."

"Si nilikuambia? Watu wanasema Mangi anaongea sana. Ile chuma, dada. Chuma!"

Mimi nilikuwa mezani kwangu nakula muhogo. Nikauliza, "Hiyo ya kwanza iko wapi?"

Akaitoa kwenye pochi, ameifunga kitambaa kama yai.

"Hebu niishike."

"We kiguu na njia," Mangi akasema, "muache mteja wangu. Utamroga na huo muhogo."

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Taa ya buluu, nzuri. Nikailaza kiganjani, nikaupinda mkono. Haikubisha. Nikaweka bisibisi, nikaweka sikio. Kimya. Kimya cha tofali.

"Nifungulie picha uliyoiingiza jana," nikamwambia Hansa. Akaifungua: bwana harusi mwenye tai nyekundu, kila ukope unahesabika. Mangi akapiga makofi.

"Sasa nifungulie ya kwanza kabisa."

"Namba moja? Huyo ni mzee mmoja na baiskeli, baba anampenda sana." Jina la picha lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, ukubwa ulikuwepo. Akaifungua. Kijivu. Karatasi ya kijivu kioo kizima. Akaifungua tena. Akafungua ya pili, ya tatu, akaruka mbele, akaruka mbele tena. Kijivu.

"Kompyuta yako ina virusi, fundi," akasema. Hakunitazama.

"Inawezekana. Endelea."

Akaendelea mpaka alipofika kwenye picha za rangi, tena za miaka ya karibuni tu, na hapo watu wakaanza kuonekana. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu.

"Mangi, kisu."

Alinipa kisu cha kukatia kamba za mizigo. Nikabandua kasha. Ndani hamkuwa na sahani. Mlikuwa na kipande cha flashi, ukubwa wa ukucha, na nati mbili kubwa za chuma zimegandishwa kwa gundi nyeupe ili kitu kiwe kizito mkononi.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana jamaa zake bado wanauzwa. Ile flashi ilikuwa imefundishwa kusema uongo. Ikiulizwa ina nafasi kiasi gani, inataja kubwa. Ikijaa haisemi imejaa. Inarudi mwanzo na kuandika juu ya yaliyotangulia. Majina ya yale ya kwanza yanabaki yote, yamepangwa vizuri kabisa, kama makaburi yaliyopakwa chokaa. Hivyo ukikagua ya leo, ya leo ipo daima. Ingeweza kumdanganya Hansa miaka kumi.

Mangi alizitazama zile nati. "Nati," akasema, kama mtu anayejifunza neno. Kisha akasema kitu kirefu kwa Kichaga na akakaa juu ya boksi.

Mimi nikamuuliza Hansa lile swali. "Negativu bado mnazo?"

"Baba amekodi mkokoteni asubuhi," akasema. "Kuna mtu Gerezani anazinunua, anatoa madini ya fedha ndani yake."

"Mpigie simu."

"Baba hana simu. Anasema simu ni ya watu wenye haraka."

Akawa ameshashuka barazani. Nikamfuata. Nyuma yangu nikasikia mlango wa bati unashushwa, mchana kweupe, na watu wanauliza, "Mangi, kuna msiba?" Naye anajibu, "Bado sijui, bado sijui," anakuja mbio na tumbo lake, anawapiga kikumbo wauza soksi. Hansa alikuwa mbele yetu. Mwanamke yule niliyemzoea akitembea kama anayepima barabara kwa rula, siku ile alipita katikati ya mikokoteni akiwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

Ua wa Kondo, huyo mnunuzi wa Gerezani, ulikuwa nyuma ya maduka ya vipuri, karibu na reli. Kondo alinunua filamu za eksrei na negativu za zamani, akazichemsha kwenye mapipa yenye magadi makali mpaka ile ngozi yenye picha inabanduka na kuzama. Tope lile ndilo alilolikausha na kuliyeyusha akapata fedha, kidogo kidogo. Plastiki iliyobaki aliiuza pia. Tulipoingia tuliziona zimerundikwa juu ya magunia, zinameremeta juani, safi kama kioo cha taa ya chemli.

Mzee Jayanti alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi, amevaa suruali yake iliyopigwa pasi, mikono magotini. Kondo alikuwa kifua wazi, anakoroga pipa kwa mti.

"Karibuni," Kondo akasema. "Ndugu wa mzee? Mchukueni basi. Nimemwambia hii si ngoma ya kutazama, hataki kuondoka."

"Nimezisindikiza," Mzee Jayanti akasema. "Mtu huachi watu wako peke yao mpaka kazi iishe."

Hansa akachuchumaa mbele yake, akazungumza naye kwa Kigujarati. Sijui maneno aliyoyachagua. Niliona tu mzee akimtazama binti yake mdomoni, kama kiziwi. Halafu akaniinulia macho mimi. Nadhani alitaka kuambiwa na mtu asiye mwanawe.

"Fundi. Ni kweli?"

"Kweli, mzee."

"Zote?"

"Za zamani zote. Zimebaki za juzijuzi."

Akasimama. Akalisogelea pipa na kuingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko, na shati. Kondo alimdaka, "Mzee! Utachubuka, we mzee!" akammwagia maji ndoo nzima. Lakini alishatoka na filamu moja. Akaishika kwa pembe, kwa vidole viwili, akainyanyua kuelekea mwanga kama alivyofanya maisha yake yote. Akaifumbia jicho moja. Sisi wote tulikuwa tunaona alichokuwa anaona. Ilikuwa mbingu.

"Umeosha vizuri," akamwambia Kondo. Hakumkejeli. Alikuwa fundi anamwambia fundi.

Mangi ndiye aliyeyaona yale maboksi kwenye kona. Akapiga kelele, "Hayo je? Hayo si bado?"

"Hayo ni ya rangi," Kondo akasema. "Yakishasafishwa studio hayabaki na madini. Nilitaka kuyachoma jioni."

Mangi akaruka kama aliyefunga bao. Akaanza kuyakumbatia, "Yapo, mzee! Yapo! Mungu mkubwa!" Hansa hakunyanyuka pale chini alipokuwa.

"Mangi," akasema. "Hizo za rangi ndizo zilizobaki kwenye diski."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa juzi walikuwepo mara mbili. Wa zamani hawakuwepo popote.

Mtaniuliza kama nilijaribu. Nilijaribu. Niliisoma ile flashi kwa kila njia niliyoijua na kwa njia nyingine nilizozitunga mwenyewe. Picha iliyoandikiwa nyingine juu yake hairudi. Kuna wateja watakaowashika mkono na kusema, "Fundi, jaribu tena," nanyi mtajaribu tena kwa sababu ya uso wao, lakini msiwape matumaini mnayoyatoa mdomoni tu. Semeni mapema.

Mangi alirudi dukani, akazishusha diski zote zilizosalia kwenye rafu. Tukazipasua kaunta nzima, moja baada ya nyingine. Nati, nati, nati. Nyingine ilikuwa na kipande cha nondo. Alikaa wiki nyingi mlangoni pake akiwasimamisha watu anaowatambua: "Bwana, wewe ulinunua diski kwangu? Irudishe. Usiulize, irudishe." Wengine walimcheka, wakasema yao ni nzima, taa inawaka. Baadaye aliacha vitu vya umeme, akarudi kwenye vitenge. Alisema kitambaa ukikivuta kinakuambia ukweli.

Na mimi nikaweka utaratibu ambao sijauacha mpaka naondoka mezani. Diski mpya, kabla ya kumkabidhi mtu, naijaza. Sio wimbo mmoja. Naijaza mpaka ukingoni, vitu vyovyote, filamu za Kihindi, mahubiri, chochote. Naichomoa, naiacha ipumzike. Naichomeka tena na ninaanza na cha kwanza kabisa kuingia. Nakifungua, nakitazama mpaka mwisho. Kisha cha katikati. Kisha ninafumba macho na kuchagua. Cha mwisho nakiacha mwisho, hicho ndicho kinachodanganya. Baadaye zilikuja programu za kuiuliza diski yenyewe hali yake, imekufa vipande vingapi, imepata joto kiasi gani. Zitumieni. Lakini diski ni kama mgonjwa anayeogopa sindano. Itasema sijambo mpaka inapoanguka. Na hata ikipita mitihani yote, yule mwenye nayo mwambieni asitupe asili mpaka awe na nakala mbili, katika nyumba mbili. Atawaona wasumbufu. Kubalini.

Sasa niwaambie kuhusu ule mwezi wa mwisho wa jengo la studio, maana ndio ulionifanya niandike.

Jengo lile walianza kulibomoa kutoka kwenye paa. Hansa alitaka kubandika tangazo kwenye uzio wa mabati kwamba studio imefungwa. Mzee Jayanti akakataa. "Mtu anakuja kumtafuta mama yake, unataka azungumze na karatasi?" Akachukua kiti chake, akakiweka kwenye baraza ya fundi cherehani upande wa pili wa barabara, mkono wake umefungwa bendeji. Kila asubuhi alikuja kutoka Upanga kwa bajaji, akakaa pale. Mimi nilipokosa kazi, na nilikuwa nakosa, nilikwenda kukaa naye.

Watu walikuja. Hamwezi kuamini walivyokuja. Walisimama mbele ya mabati, wakashangaa, na mzee akawaita kwa mkono. Aliwaambia wote vilevile: nilizipeleka kuyeyushwa mimi mwenyewe, nikiamini nina nakala, nakala haikuwepo. Hakumtaja binti yake. Hakumtaja Mangi. Mzee mmoja alimtukana matusi ya Kariakoo kuanzia juu mpaka chini, fundi cherehani akasimamisha mashine kusikiliza. Mzee Jayanti akamngojea amalize, akasema, "Ndiyo." Kijana mmoja alicheka tu, akasema poa, mzee, akaondoka, akafika kwenye kona akakaa chini.

Siku moja alikuja mama wa makamo, kavaa kitenge cha kutokea msibani.

"Shikamoo, mzee. Studio imehamia wapi?"

"Marahaba, mama. Haijahama. Imekufa. Unamtafuta nani?"

"Baba. Alipiga picha ya kazi hapa, alikuwa reli. Alifariki mimi sijaanza kutembea. Mama naye tumemzika juzi, tukasema tuwatundike wote wawili pamoja." Alikuwa na risiti yake ndani ya mfuko wa nailoni, namba bado inasomeka.

Mzee akamwambia. Maneno yaleyale.

Yule mama akaitazama risiti. Akakunja ule mfuko, akaukunjua. "Lakini wewe ulimwona," akasema.

"Eh?"

"Ulimpiga picha. Ulisimama mbele yake ukamwangalia. Mimi sijamwona. Alikuwaje?"

Mzee Jayanti akamtazama usoni. Malori ya kifusi yalikuwa yanapita na vumbi lilitujaa mdomoni. Kisha akamwambia, kwa sauti ile aliyotumia ndani ya studio, "Geuka kidogo kwenye mwanga. Kidevu chini. Hapo."

Yule mama akageuka.

"Alikuwa na paji pana," mzee akasema polepole. "Nyusi zimekaribiana. Jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia. Masikio yamelala. Akitaka kucheka anauma mdomo wa chini, hivyo hivyo unavyofanya sasa. Nilimwambia, bwana, picha ya kazi haichekewi, akazidi."

Mama akafunika mdomo kwa kitenge. "Mama alikuwa akisema alikuwa mcheshi," akasema. "Asante, mzee. Asante sana." Akamshika ule mkono wenye bendeji kwa mikono yake miwili, kisha akavuka barabara, na mpaka anaishia kwenye watu alikuwa anajigusa nyusi.

Nikamuuliza mzee, "Ulimkumbuka kweli?"

"Hapana," akasema.

Upande wa pili, mbele ya mabati, mwanamume mmoja alikuwa amesimama, anatazama juu mahali palipokuwa na dirisha. Mzee Jayanti akavuta pumzi, akanyanyua mkono kumwita.